Kulia Robo ya Mwalimu Levi

Ukikutana na dereva huku Bungoma ameshika usukani kama mtu anayekamua blanketi, bega la kulia limepanda na kiwiko kinataka kutoka dirishani, usijisumbue kuuliza alifundishwa na nani. Ni Mwalimu Levi Walubengo. Mimi Agneta, mama yake Sandra, nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake, na hilo bega linaniuma mpaka leo.

Mwalimu Levi ni mtu wa tai. Mvua, tai. Jua la Januari, tai. Shule yake ya udereva ina chumba kimoja, gari moja, na ile bodi ya mbao iliyochorwa barabara, yenye vigari vya kuchezea. Hapo kwa bodi, bana, hakuna wa kumfikia. Anasukuma kigari kwa rula, anakizungusha kwenye mzunguko, anakipisha trela ambayo haipo, na ukikosea anakukemea kama umeua mtu. "Umeingia bila kuangalia! Hapo tunakuzika Jumamosi!" Unatoka ukiogopa hata mkokoteni.

Shida ilikuwa gari lenyewe. Ni Starlet ya zamani, nyeupe mahali ambapo haijashika kutu. Siku yangu ya kwanza liliniondoa barabarani taratibu, likavuka mtaro, likaingia kwa mahindi ya wenyewe. Levi alikuwa ameketi kushoto, penye breki ya pili, ile ya mwalimu. Akakanyaga, akanyoosha tai.

"Mama Sandra, kulia robo! Unazungusha usukani kulia robo, unashikilia hapo, huachilii!"

"Lakini Mwalimu, si gari linafaa kwenda mbele lenyewe?"

"Uliona wapi gari likienda lenyewe? Nyinyi ndio mna mikono ya uvivu."

Basi kulia robo ikawa dini. Tulikuwa wanafunzi wanne, na kila asubuhi tuliikariri kama amri ya kumi na moja. Mwenzetu Nelima aliposema gari lina pepo, Levi hakubisha, alimwita pasta. Pasta akapaka mafuta magurudumu yote manne pamoja na usukani, akaomba dakika arobaini. Kesho yake gari likaenda kushoto vile vile, ila sasa usukani ulikuwa unateleza.

Mimi sikuwa najifunza kwa ajili ya kuringa. Nimepika miaka kumi na sita katika shule ya wasichana, kwa kuni, kwa sufuria ambazo naweza kuogea ndani. Kifua changu kimejaa moshi. Usiku nakohoa mpaka Sandra anaamka. Daktari aliniambia nikitaka kuwaona wajukuu nitoke jikoni. Ndipo dereva wa basi dogo la shule akastaafu, na mwalimu mkuu, Madam Nasambu, akaniita. "Agneta, ukiniletea karatasi kwamba umepita mtihani kabla tufungue Jumatatu, hiyo kazi ni yako. Usipoleta, kuna kijana anaisubiri, na wewe unarudi kwa sufuria." Mtihani ulikuwa Alhamisi. Nililia kwa furaha, kisha nikakohoa.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, nikingojea zamu yangu, nililichungulia gari vizuri. Tairi la mbele kushoto lilikuwa kipara upande wa ndani, upande wa nje bado lina meno. Nikakumbuka mkokoteni wangu wa kuni, ule gurudumu lake lilipopinda likala mpira upande mmoja hivyo hivyo. Nilipoingia na kuendesha, nikaona ile nembo ya katikati ya usukani imelala ubavu wakati tunaenda mbele moja kwa moja. Na tulipofika sitini, usukani ukatetemeka kama mtu wa malaria.

"Mwalimu, haya magurudumu hayaangalii mahali pamoja. Peleka gari lipimwe."

"Nani mwalimu hapa?"

"Ni wewe. Na mwenye tairi la kipara ni wewe pia."

Wenzangu waliokuwa kiti cha nyuma walicheka. Levi akanyoosha tai, akaniamuru kulia robo. Jumanne, karibu na Myanga, lile tairi likapasuka puu, Nelima akiwa kwa usukani. Alipiga nduru ikasikika Uganda. Hakuna aliyeumia, lakini Levi alikaa ukingoni mwa barabara akiangalia nyaya zilizotoka ndani ya mpira, na tai ilikuwa imegeukia mgongoni, wala hakuinyoosha. Nilishangaa, maana huyu ni mtu wa kutuzika sisi Jumamosi.

"Kesho tunaenda Kitale," akasema tukifunga tairi la akiba na kutia lililopasuka kwenye buti. Bungoma mashine za kupima magurudumu ziko, lakini amekosana na wenye mashine wote. "Mama Sandra, utaendesha wewe. Ni somo la safari ndefu."

Basi nikaendesha, kulia robo, Kamukuywa, Kiminini, mpaka Kitale. Fundi alikuwa dada mmoja anaitwa Mukami, ovaroli imempwaya, biskuti mdomoni. Alitembea mara moja kulizunguka gari, akapapasa matairi kwa kiganja.

"Hii gari inaendeshwa na nani?"

"Wanafunzi," Levi akajibu.

"Na hawakukuambia inavuta kushoto?"

"Waliniambia. Nikajua ni uvivu."

Mukami alitafuna biskuti polepole akimwangalia. Kisha akafunga vyombo vyake kwa magurudumu, na kioo cha mashine kikajaa nambari nyekundu. Akaniita nione, nami nikamsimulia habari za pasta. Gurudumu la kushoto lilikuwa limegeukia nje, na chuma kinacholisukuma kimechakaa mpaka kinacheza. "Hivi ni vitu vya kusikia tu," akasema. "Inavuta upande mmoja, usukani umelala, unatetemeka, tairi linaliwa upande mmoja. Ukiona moja tu kati ya hizo, unakuja. Nyinyi mmekuja na zote nne, na mafuta ya upako juu yake."

Akabadilisha chuma, akakaza, akapima tena mpaka nambari zikawa kijani. Akamrushia Levi ufunguo. "Mzee, peleka mpaka pale kwa kona urudi. Uisikie."

Levi akaanza. Ati mguu. Ati miwani. Ati tai imembana. Mukami akacheka, mimi nikacheka, halafu nikaona jasho kwenye mdomo wa juu wa Levi na nikaacha kucheka. Nikamvuta kando, tukaketi juu ya tairi kuukuu.

"Mwalimu, wewe hujui kuendesha?"

"Nilijua." Akafungua tai. Sijawahi kumwona bila tai, shingo yake ni nyembamba kama ya kuku. "Niliangusha gari Tongaren, miaka kumi na mitatu sasa. Mke wangu Roselyne alikuwa ndani. Alivunjika mkono. Tangu hapo nikishika usukani naona mahindi yakikuja juu yangu. Lakini nilikuwa na cheti cha kufundisha, na upande wa kushoto hakuna usukani."

Ndipo nikaelewa kwa nini huja kazini kwa bodaboda na kwa nini gari hulala pale pale shuleni. Sisi tulidhani ni uchoyo. Huyu mtu hakujua gari linavuta kwa sababu hajawahi kulishika. Nilimwonea huruma, na hasira pia, vyote kwa pamoja, maana ni bega langu.

"Na Roselyne anasemaje?"

"Roselyne? Alisahau mkono ulipopona. Hunicheka tu."

Nikachukua ufunguo, Levi akaketi kushoto, tukaanza safari ya kurudi. Nilipotoka tu kwa Mukami gari likaruka kulia, nikaponea chupuchupu kupanda bango lake. Mikono yangu ilikuwa imeshika robo yenyewe! Mukami akapiga kelele nyuma, "Achilia mikono, mama! Shika kama unashika yai!" Nikaachilia. Gari likaenda mbele moja kwa moja, lenyewe, na nikahisi bega likishuka. Halafu moyo ukashtuka.

"Mwalimu, kesho ni mtihani. Wale watatu wote wana kulia robo."

Tulipofika Kiminini akafunga tai tena. "Nitawaambia," akasema. "Nitawaambia mimi mwenyewe."

Na aliwaambia. Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya bodi yake bila rula. "Kulia robo ilikuwa uongo wangu. Gari lilikuwa bovu na mimi sikujua, kwa sababu siendeshi. Naogopa. Achilieni mikono." Walimtazama kama amevua suruali. Lakini mikono haisikii hotuba. Wa kwanza alimpeleka mtahini upande wa magari yanayokuja. Wa pili akapanda ukingo wa kulia na kung'oa kibao. Nelima alifunga breki katikati ya barabara akaanza kuomba. Mtahini akashuka akaangalia magurudumu, hakuona kosa, akasema hajawahi kuona ugonjwa wa namna hii.

Nilikuwa wa mwisho. Kifua kilinibana, nikakohoa, nikashika kama yai. Kilomita zote zile za kutoka Kitale zilikuwa mikononi mwangu. Nikaenda moja kwa moja, nikageuza, nikaegesha. Mtahini akasaini karatasi akifuta jasho. Nikaikunja, nikaiweka kifuani, mahali pale pale panapouma.

Wenzangu watarudia mtihani mwezi ujao, na Levi ameapa hawatalipa hata shilingi. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, tai mfukoni. Nikampelekea ufunguo.

"Mwalimu, leo kushoto nakaa mimi."

"Mama Sandra, tafadhali."

"Mimi nimekula moshi miaka kumi na sita nikatoka. Ingia."

Aliingia. Alikaa muda mrefu bila kuwasha, midomo ikitembea, na sikumharakisha. Kisha akawasha. Tukatoka polepole kuelekea Kanduyi, bodaboda zikitutukana, pande zote mbili za barabara mahindi ya watu yamesimama. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki ya mwalimu safari nzima, na sikuikanyaga hata mara moja.