Mkaguzi na Mkwewe

Juzi, kwenye treni ya kutoka Tabora kwenda Urambo, mkaguzi wa tiketi alifungua mlango wa behewa letu, akatazama ndani, akainamisha kichwa na kurudi alikotoka. Jamaa mmoja aliyekuwa ananyemelea choo ajifiche akarudi kukaa.

"Kaona nini huyu?" akauliza jirani yangu.

"Kaniona mimi," akasema mama mmoja aliyekaa dirishani. "Kamuoa binti yangu."

Tukaelewa. Kwetu huku mwanamume hatazamani na mama mkwe wake, sembuse kumdai tiketi. Behewa zima likampenda mama yule. Mmoja akampa karanga, na jamaa wa chooni akamwombea maisha marefu.

Mama akamaliza karanga, akapangusa mikono, akafungua fundo la kitenge na kutoa tiketi yake.

"Mimi ninayo. Leteni za kwenu nizione. Mume wa mwanangu hatafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

"Mama, mimi nashuka hapo mbele tu," jamaa akalalamika.

"Hata treni inaishia hapo mbele tu. Lipa."

Nauli na faini zikapitishwa kwenye mwanya wa mlango kwa mkaguzi aliyeitwa asimame upande wa pili, na risiti ikarudi kwa njia hiyohiyo, bila wakwe kuonana.

Tiketi yangu mama aliigeuzageuza, akauliza mbona imekunjamana hivyo. Nikaomba radhi. Nimekaguliwa miaka mingi, safari nyingine sina hata tiketi, lakini sikuwahi kuomba radhi.