Shingo ya Gauni

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, fundi cherehani wa mji wa Songo hutoa uzi kwenye sindano, kisha hushona bila uzi karatasi za mifuko mitupu ya saruji ya kampuni ya Wabelgiji. Hushona mviringo uleule wa shingo ya gauni, polepole, kisha huinua karatasi kwenye mwanga na kuyakagua matundu ya sindano. Asubuhi moja Zaina, mteja wake wa zamani, alimkuta akifanya hivyo.

“Mama, tangu mwaka juzi uliposema shingo ya gauni lako imepinda, miye niko najifunza. Sasa iko sawa?” fundi akamuuliza.

Zaina akakosa pa kuficha uso. Shingo ile haikupinda hata kidogo; siku ile alikuwa na hasira tu, kwa kucheleweshewa nguo ya Idi.

“Iko sawa,” akasema.

Fundi akatikisa kichwa kukataa, akachukua karatasi nyingine.