Siku Tuliyokwenda na Wenyeviti Wawili

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ni ile tuliyokwenda Nachingwea kudai kura tukiwa na wenyeviti wawili. Miaka imepita mingi na bado nikiifikiria moyo unaniuma. Sikusimulii ili ucheke, ingawa mahali pengine utacheka, maana na sisi tulikuwa na vituko vyetu.

Nilikuwa msichana, nimetoka unyagoni si zamani. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Ruangwa na Nachingwea. Mama yangu, Binti Mfaume, alikuwa mjane, na shamba lake la mtama na mihogo alilirithi kwa mama yake. Ulipoingia mradi wa karanga wa Waingereza, jumbe wetu, mkuu wa kijiji, aliulizwa kama ardhi ile ina mwenyewe, akajibu haina. Mama akaenda kupalilia asubuhi, akakuta trekta linageuza mihogo yake mizizi juu. Karanga zenyewe, kama ulivyosikia, hazikutoka za maana. Wazungu wakafunga virago, shambani kukabaki magugu na vyuma chakavu. Mama hakuililia mihogo. Alichokuwa akirudia kila siku ni hiki: "Mimi sikuulizwa."

Basi ilipoanza kusemwa kwamba Tanganyika itapiga kura, mama alidhani zamu yake ya kuulizwa imefika. Wapi! Kura ilikuwa ya mwenye elimu, au mwenye kipato kikubwa, au mwenye cheo. Na huyo mwenye bahati naye alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo, Mwafrika, Mzungu na Mhindi, apende asipende. Katika kijiji chetu kizima sijui kama angepatikana mmoja.

Ndipo mjomba wangu Issa, mdogo wake mama, alipoanzisha kikundi. Mjomba alikuwa fundi wa matrekta enzi za karanga, na kazi ilipokwisha alibaki mjini Nachingwea akitengeneza baiskeli. Kikundi alikiita Umoja wa Wapiga Kura. Jina zuri, ila hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kura! Hakulipwa na mtu. Alikuwa anafunga kibanda chake, anakwenda hadi Kilimarondo, ambako watu wanakesha kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, kisha anageuza njia mpaka Namungo, akieleza jambo moja tu: kila mtu mzima awe na kura yake, aliyesoma na asiyesoma. Wako waliomwita mwendawazimu. Mimi nilimwona ni mkubwa kuliko watu wote.

Kosa lilianzia kwenye beni. Wewe beni huijui. Ilikuwa ngoma ya tarumbeta na magwaride, yenye Kingi wake na Jenerali wake, na kila beni ilikuwa na hasimu. Ya Ruangwa na ya Nachingwea zilishindana tangu enzi za baba zetu, na aliyeshindwa aliimbwa kwa dhihaka mpaka akaona aibu kwenda kisimani. Mjomba alikusanya watu kwa njia ya beni, maana nani mwingine angeujaza uwanja? Watu wakaja, tena wengi. Lakini uhasama wao nao waliubeba.

Ikafika habari kwamba mgeni mkubwa wa serikali atapita Nachingwea, na amekubali kutusikiliza. Mwenyekiti, yaani mjomba, atazungumza, kisha watu wawili watatu wa kawaida. Mjomba akamchagua mama awe mmoja wao. Jamani, ungemwona mama siku zile! Alikuwa akiyasema maneno yake akitwanga, akiyasema akichota maji. Nyumbani tulisema Kimwera, Kiswahili hakikumkaa vizuri, kwa hiyo nilimfundisha mimi, neno kwa neno, mpaka yakakaa.

Wa Ruangwa waliposikia, wakauliza kwa nini mwenyekiti awe wa Nachingwea. Wakamsimamisha Kingi wa beni yao, Hamisi, naye awe mwenyekiti. Mama akamfuata mjomba kibandani, nami nipo.

"Issa," akasema, "mwachie. Hamisi akae mbele, wewe simama nyuma. Kinachotakiwa ni maneno yafike."

"Dada, mimi ningemwachia hata leo. Lakini watu wangu hawatakubali. Tutaimbwa mpaka tuhame."

"Kwani kuimbwa kunaua?"

Mjomba akaendelea kukaza spoku. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku yenyewe tukajipanga mbele ya ofisi, wa Ruangwa na sare zao, sisi wa upande wa Nachingwea na zetu. Mgeni akatoka, akaketi barazani, karani wa kutafsiri pembeni yake. Akauliza mwenyekiti ni nani. Mjomba akasimama. Hamisi naye akasimama. Watu wakatazamana, kisha wa Ruangwa wakaangusha wimbo: "Mwenyekiti wa spana, nchi haina nati!" Wa kwetu wakajibu kwa tarumbeta. Mjomba alikuwa anapunga mikono wanyamaze, nani amsikilize?

Mgeni alingoja kidogo. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alitabasamu, akamwambia karani atutafsirie: "Mmeshindwa kuchagua mmoja kati ya wawili, na mnataka kuchagua wa nchi nzima." Akaingia ndani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mama alikuwa mbele kabisa. Akaanza kusema, "Bwana, mimi nilikuwa na shamba la mama yangu..." Mlango ulikuwa umeshafungwa. Akayasema yote mpaka mwisho, mbele ya ule mlango, kwa Kiswahili nilichomfundisha, na ngoma zikiifunika sauti yake. Aliyemsikia ni mimi peke yangu.

Njiani hakumtukana mjomba. Alimwambia tu, "Issa, jumbe alinikana, wewe umenipigia ngoma. Sijui nani kanikosea zaidi." Nilitamani mjomba ajitetee, hata kwa uongo. Alitusindikiza mpaka nje ya mji, akageuka.

Kikundi kilikufa palepale. Wa Ruangwa walisema ni kosa la Nachingwea, wa Nachingwea wakasema ni la Ruangwa, na wako waliokufa wakisema hivyo. Mjomba alirudi kwenye baiskeli zake na hakuitisha mkutano tena. Kura ya kila mtu ilikuja baadaye, mwanangu, lakini hatukuileta sisi. Ilipofika, mama alikuwa ameshazikwa.

Sikufichi, sina matumaini makubwa. Nawaona na vikundi vyenu, cha vijana, cha wakulima, cha kudai hiki na kile, na ugomvi wa kwanza daima ni nani atakuwa mwenyekiti. Nikisema, mnaitikia "Ndiyo, bibi," halafu mnakwenda kugombana. Nasema hivyohivyo, maana kunyamaza nako kumenichosha.

Sikiliza basi. Ukiongoza watu bila malipo, utatamani kujilipa kwa kiti, na kiti hicho ndicho kitakachoila kazi yako. Cheo ni dhamana, si shamba la urithi. Wenzako wakikwambia kwamba ukimpisha mwingine mtachekwa, mpishe, mchekwe. Kicheko kinakwisha. Na kabla hujaidai serikali iwasikilize watu, mtazame aliyesimama karibu yako, mwulize ana neno gani, kisha unyamaze mpaka amalize. Usimwambie asubiri. Wengine hawana muda wa kusubiri, na hawatakwambia.

Haya, nenda. Mungu akulinde na sifa za watu wako kuliko anavyokulinda na adui zako. Akupe ulimi mfupi na masikio marefu. Na siku yako ya kuulizwa ikifika, mwanangu, ikukute ungali hai.