Hina ya Bibi na Shule Mbili za Miguu

Marafiki zangu wa uandishi hupenda kuniuliza kwa nini, katika fani zote za dunia, nilikwenda kusomea miguu. Wanadhani kuna siri. Mimi nilianza kushika miguu ya watu nikiwa na miaka tisa kwa sababu magoti ya mama yalikuwa hayakunjiki vizuri, basi.

Mama yangu hupaka hina. Ufundi huo alitoka nao Tanga, akaja nao Johannesburg, tukapanga nyumba Troyeville kwenye mtaa unaoteremka ghafla kuelekea Jeppestown. Ukikaa barazani unaona mapaa ya mabati ya karakana, na mbali zaidi vilima vya mchanga wa migodi, rangi yake kama unga wa dengu. Maharusi walikuja pale kwetu, na Idi ikikaribia walikuja wanawake wa kila rika. Mama alikaa kwenye kochi akashughulika na mikono. Miguu ilishuka kwangu, mkekani.

Mwanamke akikulazia mguu wake mapajani, kwanza anaona haya, kisha anausahau. Hapo ndipo mguu unapoanza kuwa wenyewe. Nilizijua nyayo za msusi anayesimama kutwa saluni, zilizotandazika kama chapati, na za mke wa mfanyabiashara mmoja aliyependa viatu vya ncha kali, vidole vyake vimepandana kama watu wanaogombea dirisha. Nilivipenda. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Wengine hupenda nyuso.

Nilipokuwa sekondari, muuguzi mmoja alikuja darasani kutueleza kazi za hospitali. Akataja kwamba kuna wataalamu wanaotibu miguu tu: nyayo, kucha, vifundo, mwendo wa mtu. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Nyumbani baba, aliyekuwa na duka la viungo Jeppestown, alicheka mpaka akavua miwani.

"Shahada ya kukata kucha," alisema. "Na uzamili je? Wa kidole gumba?"

Lakini aliniacha niombe, na majira ya baridi ya mwaka 2016 nilikuwa na nafasi mbili mkononi. Shule moja ilikuwa hapa hapa Johannesburg, karibu kiasi kwamba ningeweza kushuka kilima na kwenda kwa miguu. Nyingine ilikuwa London, anakoishi mama mdogo, ambaye tayari alikuwa amenitengea chumba na kunichagulia rangi ya mapazia.

Niliitaka London kwa moyo wote. Katika video ya shule ile kulikuwa na njia ya kioo. Mtu anatembea juu yake na kamera iliyo chini inamtazama unyayo unavyotua, kisigino kwanza, kisha ukingo wa nje, kisha vidole vinavyojifungua kama kiganja. Niliitazama video ile hadi nikaweza kuisimulia nikiwa nimefumba macho. Mimi ambaye miguu niliijua imelala tu mapajani, nilitaka kuiona ikitembea, tena kutoka chini, kama ardhi inavyoiona. Jibu lilitakiwa kabla Julai haijaisha. Mama alikwishanunua koti zito la mtumba, akalitundika nyuma ya mlango wa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa ni koti la London.

Alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani, nyumba ikiwa imejaa wanawake, aliingia bibi. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mzee wa Kitanga aliyepanga chumba mtaa wa pili, naye ndiye bibi wa Waswahili wote wa upande ule. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka mingi, akikiita mpangaji wake asiyelipa kodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia unakwenda Ulaya kushika miguu ya Wazungu. Wana vidole vingapi?"

"Vitano kila mguu, bibi. Kama sisi."

"Sasa unafuata nini?"

Wanawake wakacheka. Bibi akakaa karibu na hita ya gesi, akavua soksi ya mguu wa kulia na kunipa mguu, huku wa kushoto ukibaki ndani ya soksi ya sufu. Nikaanza na maua ya juu ya vidole. Miaka yote bibi alikuwa mtu wa kutekenyeka. Koni ya hina ikipita tu chini ya vidole, alipiga ukelele, akavuta mguu, akanitukana kwa mapenzi, na ua likaharibika. Siku ile nilipita chini ya vidole na mistari ikatoka imenyooka.

"Leo bibi katulia," mama alisema kutoka kochini.

"Nimekua," alijibu bibi, wote tukacheka tena. Akaendelea na hadithi ya harusi yake, jinsi bwana harusi alivyosahau kiatu kimoja kwa kinyozi.

Nikasikia harufu. Nilidhani ni maandazi, nikageuza kichwa kuelekea jikoni, kisha nikaona. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imegusa wavu wa hita, sufu imeanza kugeuka kahawia, na bibi bado yuko kwa kinyozi anatafuta kiatu. Niliudaka mguu ule kwa mikono miwili.

"Mbona unanivuta kama mbuzi?"

Nikamvua soksi. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini haijababuka. Mama alikuja na kitambaa cha maji.

"Bibi, hukusikia moto?"

"Mwanangu, miguu hii inawaka moto wa ndani mwaka mzima. Wa nje nitaujuaje?" Akaurudisha mguu mapajani pangu, ametulia kabisa. "Nipake nyayo zote, mpaka visiginoni. Hina ndiyo inayonipoza."

Hivyo ndivyo wazee wa kwetu wanavyofanya. Miguu ikiwaka moto hupakwa hina unyayo mzima, wala hakuna aonaye ajabu. Nami ni nani hata nimnyime mzee hina ya Idi? Nilimpaka nyayo zote mbili, taratibu, nikizichunguza kila mahali kabla ya kuzifunika. Nilipomaliza nikamwomba jambo moja: Idi ikipita, aende nami kwenye kliniki ya shule ya hapa mjini, ambako wanafunzi wa miaka ya juu hutibu watu chini ya macho ya walimu.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini hina isiwe imefifia. Waone nimetoka kwa watu."

Haikuwa imefifia hata kidogo. Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda na mapazia, kinanukia spiriti, na madirisha yake yanatazama robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, ambapo magari yalikuwa yakipigiana honi. Tulipokewa na mwanafunzi, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Alipomvua bibi soksi na kuziona zile nyayo, zimeiva rangi kati ya kahawia na nyeusi hadi kwenye kucha, alirudi nyuma hatua moja.

"Eish," alisema chini chini. Kisha akaniomba nimuulize bibi miguu imekuwa hivi tangu lini.

"Anauliza miguu yako imekuwa hivi tangu lini, bibi."

"Mwambie tangu mkesha wa Idi."

Nikatafsiri kama ilivyosemwa, kabla sijaelewa kwamba yeye alikuwa akiona miguu inayooza. Kijana akatoka mbio kumwita mwalimu. Mwalimu alikuja, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, akainama, akanusa, akatabasamu.

"Hii ni hina," alimwambia mwanafunzi wake. "Vuta pumzi."

Kisha akatoa uzi mgumu wa nailoni, kama kipande cha mshipi wa kuvulia, uliofungwa kwenye kijiti. Alitaka bibi afumbe macho na aseme ndiyo kila anapohisi uzi umemgusa. Nikamweleza bibi. Bibi akafumba macho kwa heshima zote, kama mtu anayepigwa picha.

Mwalimu akagusa chini ya kidole gumba.

"Ndiyo," alisema bibi.

Akagusa katikati ya unyayo. "Ndiyo." Akagusa kisigino. "Ndiyo, mwanangu." Mwalimu akainua mkono, akaushikilia hewani bila kugusa popote, akasubiri.

"Ndiyo," alisema bibi kwa upole mkubwa.

"Bibi," nikamwambia, "hajakugusa."

"Alikuwa anataka kugusa."

Mwanafunzi aligeukia dirishani. Mimi sikuwa na nguvu za kucheka, kwa sababu nilikuwa navitazama vidole. Vidole vile vilivyokuwa vikijikunja kama konokono hata kwa unyoya wa kuku, sasa vilikuwa vimelala tu, na uzi unapita juu yake. Nikaelewa pia kwa nini anasema ndiyo. Kwetu mtu akiulizwa hujambo, hujibu sijambo hata akiwa na homa, na maradhi hufuata baadaye, pole pole. Huyu mama mgeni alikuwa amemshika bibi mguu kwa adabu, akimwita gogo, neno ambalo watu wa hapa huwaita bibi zao. Je, bibi angemjibu hapana usoni?

Nikapiga magoti, mahali nilipozoea kukaa. "Bibi, mimi ndiye ninayekupaka hina. Usijibu kwa adabu. Hapa anayesema hapana ndiye anayesaidia."

Mwalimu akagusa tena.

"Sijui," alisema bibi, na sauti ilikuwa nyingine. Kisha, "Hapana." Kisha, "Hapana, mwanangu." Tulizunguka nyayo zote mbili. Kulikuwa na sehemu moja tu, kisigino cha kushoto, ambapo alisema ndiyo na vidole vikajikunja kweli.

Mwalimu alitueleza yote, nami nikatafsiri: mishipa ya fahamu imekufa ganzi kwa kisukari, atazame nyayo kila siku au atazamwe na mtu, akae mbali na hita, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, arudi kliniki. Hina? Juu ya mguu apakwe apendavyo, lakini unyayo ubaki mweupe, ili jeraha lisijifiche.

Bibi alipokuwa akivalishwa soksi, mwalimu aliniuliza nilijuaje kwamba alikuwa anadanganya. Nikamwambia habari ya vidole. Nikamwambia pia, bila kupanga, kwamba nina nafasi katika shule yake, na nyingine London.

Alikuwa ananawa mikono. "Ile ya London ni nzuri," alisema. "Wana vifaa ambavyo sisi hatuna. Mimi ningekuwa na umri wako ningekwenda." Akachukua taulo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tulirudi na bibi tukipanda kilima taratibu, amenishika mkono.

"Nimefaulu?" aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Hata kidogo?"

"Kisigino cha kushoto umefaulu."

"Basi hicho ndicho nitakachokwenda nacho Peponi," alisema, akasimama kupumzika kwenye ukuta wa spaza, kiduka cha mtaani.

Nami niliposimama pale, nikimshikia mkoba, nilijikuta navitazama viatu vyake, jinsi kile cha kulia kilivyolika upande wa nje. Kamera ya kioo ningeipata London. Ningejifunza mwendo kutoka chini, ningejifunza vizuri, na ningerudi baada ya miaka minne najua kila kitu kuhusu miguu ya watu waliozoea kusema hapana. Wazo lile lilikuja bila kelele, nami sikubishana nalo. Nilimpa bibi mkono, tukamalizia mlima.

Jioni mama mdogo alipiga simu, mama akaiweka mezani ili sote tusikie. Nikasema nitasoma hapa hapa.

"Hata huku wazee wetu wapo," alisema mama mdogo. "Waswahili tele. Na miguu wanayo."

"Wapo, mama mdogo. Lakini sivijui vidole vyao."

Nikamsikia akicheka kidogo kwa masikitiko, akisema basi mapazia atawapa wageni. Mama hakucheka. Alikuwa amekwisha kuwatangazia nusu ya Troyeville. Alilitazama koti mlangoni.

"Na koti?"

"Baridi ipo hapa pia, mama."

Baba akasema shahada ya kucha sasa itasomwa kwa miguu, bila nauli. Siku tatu mama alinijibu kwa maneno mafupi. Siku ya nne alikuja binti wa watu kupakwa hina ya harusi, na kabla sijashika koni nikamsikia mama akimwambia, kwa sauti yake ya kazi: "Inua mguu kwanza, mwanangu, huyu akutazame unyayo." Tangu siku hiyo hakuna aliyepakwa hina nyumbani kwetu bila kutazamwa.

Kioo kile bado nakikumbuka, sisemi uongo. Lakini mwaka 2019, nilipokuwa mwaka wa tatu, asubuhi moja ya Julai niliteremka kilima nimevaa koti la London, nikafungua pazia la kitanda changu cha kliniki, na aliyeketi pale alikuwa bibi, maua ya hina juu ya vidole na nyayo zake nyeupe, safi, bila jeraha hata moja. Nikampa shikamoo. Nikamwambia afumbe macho.

"Hapana," alisema nilipomgusa. "Hapana. Hapana." Alikuwa anafurahia, kama mtoto aliyeruhusiwa neno baya. Nikainua uzi, nikaushika hewani, nikasubiri.

"Sasa hujanigusa," alisema bibi. "Unaniona mimi mjinga?"

Nikagusa kisigino cha kushoto, na vidole vikajikunja.