Maziwa Yangu na Mashine ya Gemu

Siku niliyogundua kwamba ligi yangu imefutwa, niliketi mbele ya televisheni nikalia kama mtu aliyefiwa. Misimu mitatu nilikuwa nimeipandisha timu yangu kutoka daraja la chini mpaka ubingwa, nikicheza alasiri watoto wakiwa madrasa. Kisha rafiki mmoja wa mume wangu, akitafuta nafasi ya kuhifadhi ligi yake, akaifuta yangu. Mume wangu akacheka.

"Si gemu tu, mama watoto? Anza tena."

Ndiyo, nacheza gemu. Nina miaka thelathini na minane, nina watoto wanne, nafunga Ramadhani na nafunga mabao pia. Anayeona aibu kwa niaba yangu, aendelee kuiona.

Mashine yenyewe niliinunua mimi. Kwetu ni sehemu za juu za mto, kwa wakulima wa kandokando yake, nikaolewa hapa Garsen kwa wafugaji. Lugha yao bado inanipiga chenga, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili. Mama mkwe alinipokea kwa kibuyu cha maziwa na maneno machache: ng'ombe ni wa wanaume, maziwa ni ya mwanamke. Tangu hapo mume wangu huuza fahali bila kuniuliza, nami huwauzia maziwa wenye vibanda vya chai bila kumwuliza. Maziwa hayo ndiyo yaliyoleta mashine.

Lakini kwetu mavuno yote huingia ghala moja, na akili yangu ilibaki kwenye ghala hilo. Mume wangu aliposema "mashine yetu," sikuona ubaya. Marafiki zake walipoanza kuja kila alasiri, nikawapikia chai. Nikahama kutoka kwenye kochi hadi kwenye mkeka, na kutoka kwenye mkeka hadi jikoni.

Ligi ilipofutwa nikaapa kununua mashine ya pili, yangu peke yangu, ikae chumbani. Nilishaongea na muuzaji wa Malindi. Mume wangu akawaka.

"Nyumba moja, mashine mbili? Watu watasema nini?"

"Waseme mpaka wachoke."

Alipoona sirudi nyuma, alimngoja mama yake aje mjini kliniki, akamkalisha kwenye kochi, akanishtaki. Alijua mama yake hajui gemu ni nini, akadhani ameshashinda. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile mashine, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata ili nami nielewe.

"Hii ya kwanza, nani nanunua?"

"Yeye," mume wangu akasema.

"Na nini?"

"Kwa pesa ya maziwa."

"Sasa wewe nakalia maziwa ya mwanamke, na wanaume wenzako? Hapana ona haya?"

Kumbe sikuwa nimepona. Mama akanigeukia mimi, mkali zaidi.

"Na wewe binti yangu, kitu yako nataka kununua mara mbili? Nani nakufundisha hivyo?"

Niliona haya, kisha hasira ikanipanda, na hasira hiyo ilikuwa tamu. Miezi yote ile nilikuwa naomba nafasi kwenye kitu changu mwenyewe. Nilimpigia muuzaji simu palepale, nikamwambia sinunui tena. Nikachomoa waya, nikabeba mashine na pedi zote mbili za kuchezea mpaka chumbani, kwenye televisheni ndogo niliyopewa na kaka yangu.

"Na marafiki zangu je?" mume wangu akauliza.

"Una mafahali," nikamwambia. "Mashine ya pili nunua wewe."

Hajanunua mpaka leo. Kumtoa fahali kwa ajili ya gemu kunamuuma. Mimi niko msimu wa pili wa ligi mpya, nimeshapanda daraja. Yeye akitaka kucheza hubisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, na siku nyingine nasema karibu, siku nyingine namwambia arudi kesho.