Ukuta ya viole kule Sange

Siku ya kwanza ya kazi, Mama Patroni alinipatia kopo ya epengle, zile pini za kushikia vitambaa, na kuniambia nikae chini. Ilikuwa kwake Rugenge, kwenye alikuwa anaweka viti, vitambaa na maua ya plastiki ya kupangisha kwa arusi. Nilizani nitapamba sali ya sherehe. Apana. Muchana muzima nilinyoosha epengle zenye zilipinda.

"Mama Patroni, dekorasyo nitajifunza saa ngapi?"

"Weye unajifunza sasa. Mwenye hana uvumilivu ya epengle, uvumilivu ya mama-mukwe ataitoa wapi?"

Nyinye mabinti mwenye munafanya kazi hii leo, munaanza na telefone. Munaonyesha bibi arusi foto, anasema "hii," basi. Siye tulianza na miguu. Tulienda kuona sali kwanza: ukuta iko rangi gani, upepo ya ziwa inaingilia wapi. Kisha tulienda kwa bazee ya familia zote mbili kuuliza batavaa nini na banapenda nini. Hapo njo tulichagua rangi mbili, moja ya kubeba na moja ya kungaa. Ya kubeba inafunika ukuta. Ya kungaa inakaa kwa meza ya maarusi, kidogo tu, kama chumvi.

"Ukitia ya tatu," Mama Patroni alisemaka, "umefungua soko."

Alinituma Kamanyola miaka mbili. Kule nilijua kupanga drape, ni kusema kitambaa chenye mikunjo yenye inashuka kutoka juu bila kuvimba. Niliporudi akanifanya shefu wa ekipe, mukubwa wa kundi, na arusi yangu ya kwanza kama shefu ilikuwa Sange.

Bibi arusi, Spesioza, alitaka viole, ile rangi ya biringanya. Nilikubali palepale. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, sikuenda kuona bazee. Bashangazi bakashona vitenge vya viole, na siku moja mbele ya arusi, asubuhi, nikafunika ukuta yote ya mbele. Niliona ni muzuri sana.

Halafu Nyokuru akafika, mama ya baba yake Spesioza, mwenye alimulea tangu mama yake alikufa. Alikuwa na rozari mukononi. Alisimama mulangoni.

"Nani amekufa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hii ni rangi ya Kwaresima. Rangi ya toba na ya kuzika. Mujukuu wangu nimubariki ndani ya toba? Minye siingii."

Akakaa kwa kiti inje, akaanza kusali. Spesioza akalia: kwao, nyanya njo anapokea bibi arusi na kumuwekea mikono kichwani. Bila ile mikono, alisema, heri arusi ingojee.

Minye ni mulokole. Kanisani kwetu hakuna rangi ya majira. Nilimuomba Yesu anipe kinywa, nikaenda kukaa chini, karibu na miguu yake.

"Nyokuru, sikujua. Unifundishe."

"Eh! Mulokole anataka kufundishwa na Mukatolika! Spesi, njoo uone!"

Basi akanifundisha. Kwaresima ikiwa karibu kuisha, misalaba na sanamu zinafunikwa na viole.

"Na Pasaka?"

"Pasaka tunatoa! Kengele zinalia!" Mukono yake ilivuta hewa, kwa nguvu. Mukono ile njo ilinionyesha kazi.

"Na kesho ile viole ikianguka mbele ya macho yako, utaingia?"

Akanitazama sana. "Nani atavuta?"

"Weye."

"Na vitenge vya bashangazi?"

"Vimekwisha kushonwa, Nyokuru."

"Bavae tu. Bale toba inabafaa."

Tulishusha yote. Nikapanga drape nyeupe kwa ukuta, kisha viole juu yake, imeshikwa na mafundo ya kufunguka, kama ya kufunga mbuzi, yote kwa kamba moja yenye ilipita juu mupaka mulangoni. Tulijaribu, ikakwama kwa epengle. Nikatoa epengle zote za viole, nikasali, tukajaribu tena. Ikashuka.

Sasa mabega yangu imekataa ngazi, hata kama sijafika miaka makumi tano. Binti yangu njo anapanda. Ananiulizaka arusi gani nilifanya muzuri kupita zote, na minye namuonyesha foto ya Sange. Anashangaa. Viole imerundikana chini, shangazi moja amefumba macho, na bibi arusi na bwana yake bangali mulangoni, midomo wazi.

"Na ule Nyokuru iko wapi?"

Haonekani. Alivuta kamba, akaona nyeupe, akaitupa kamba na kukimbia ndani mupaka nyuma ya muntu wa foto. Wakati maarusi bangali banasimama, yeye alikuwa amekwisha kufika mbele, mikono juu, anabaita.