Kuanika na Kuanua

Nikisikia harufu ya omena inayokauka juani ikichanganyika na ya sabuni ya kufulia, hurudi papo hapo kwenye ploti yetu ya Nyalenda, Kisumu, nilipokuwa darasa la tatu. Ua lilikuwa moja, na jua moja. Mama yangu, aliyehama Nyeri kuja kuuza mitumba soko la Kibuye, alianika humo nguo alizofua. Mama Achieng, jirani wa mlango wa pili, alitandaza humo humo wavu wake wa omena, wale dagaa wa ziwani. Msimu ule wakakosana.

"Mama Achieng, nani atanunua blauzi inanuka samaki?"

"Na nani atakula samaki inatoa povu, Mama Nyambura?"

Wakanuniana, na sisi watoto tukakatazwa kuvuka kamba ya nguo. Achieng alikuwa rafiki yangu wa kufa kuzikana. Nikimwona upande wa pili akiruka kamba peke yake, hata chakula kilinishinda. Niliumia, nasema kweli, na nikaichukia ile kamba ya nguo.

Aliyetuokoa ni Beryl, mpangaji mwenzetu aliyefundisha watoto densi kanisani. Jumamosi moja alitukusanya uani, akageuza ndoo kuwa ngoma. Kila mtu abaki upande wa mamake, alisema, tusije tukachapwa bure. "Chezeni tu chenye mnaona hapa kila siku." Basi upande wetu tukamcheza mama: kukung'uta, kunyoosha, vibanio mdomoni. Ng'ambo wakamcheza Mama Achieng, kiuno kimepinda, mkono mmoja ukigeuza omena na mwingine ukifukuza kunguru. Mama alimcheka jirani yake mpaka machozi. Jirani naye akamcheka mama mpaka leso ikamdondoka. Lakini kutazamana, thubutu.

Ndipo mvua ikashuka kutoka vilima vya Nandi, bila hodi. "Anua! Anua!" ploti nzima ikapiga kelele. Kila mtu alinyakua kilichokuwa karibu. Mama yangu, aliyeapa hatagusa samaki, alipiga magoti akizoa omena kwa viganja. Mama Achieng alipita mbio amekumbatia blauzi zetu, shingoni kaning'iniza suruali ya mtu. Beryl hakuacha kupiga ndoo. Mimi na Achieng tuligongana chini ya kamba tukashikana mikono, na hakuna aliyetukemea. Barazani, mama zetu walitazamana na mizigo yao, wakaangua kicheko hadi wakaegemeana. Kesho yake waliihamisha kamba pamoja, mahali ambapo upepo hauletei nguo harufu.

Siku hizi naishi ghorofani, na kamba yangu peke yangu kwenye roshani. Nguo zangu hazinuki chochote. Na majirani hatugombani, maana hatujuani hata majina. Lakini mvua ikianza kunyesha Awasi, anakoishi Achieng sasa, kabla haijafika kwangu simu yangu hulia. Hana salamu.

"Nyambura, anua!"

Nami, hata kamba ikiwa tupu, huinuka kitini nikazoa omena hewani kwa viganja viwili.